Chati ya namba yenye picha za vidole, ya Kariakoo

Wazazi wenye madogo wa chekechea na la kwanza, hii chati ya ukutani ya 1 mpaka 10 yenye picha za mikono nimeichukua elfu tatu kwa wamachinga Kariakoo na kwakweli imenikosha kuliko ile ya maembe na machungwa ambayo kila nyumba inayo. Ile ya matunda mtoto anakariri tu, anaimba mpaka kumi bila kukosea, halafu mwambie nipe vizibo saba vya soda anakumwagia vyote. Hii anaangalia picha anaigiza na mkono wake, anaona tano ni mkono mzima, sita ni mkono mzima na kidole kimoja cha mkono wa pili, haanzi tena moja, mbili, tatu. Hapo ndo penyewe. Sasa hivi 5+3 anakunjua mkono fasta, anaongeza vitatu, nane, kamaliza.

Najua kuna wanaosema vidole vinamlemaza mtoto, hata mwalimu wake ana imani hiyo. Jamani, 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lausanne kule Uswisi walitoa matokeo yao, watoto wa miaka 5 na 6 waliokuwa hawatumii vidole walifundishwa kuvitumia kwenye kujumlisha na majibu sahihi yakapanda toka 37% mpaka 77%. Wengi wakishazizoea hesabu wanaviacha wenyewe.

Kasoro zipo. Karatasi laini kama gazeti, piga selotepu pembeni kabla hujabandika, na kwenye yangu namba 7 imechorwa vidole nane, dogo ndo kaibaini akacheka sanaa.

Lingine, wamechora njia moja tu. Wasambaa kwa asili 6 wanaonyesha vitatu huku vitatu huku, 7 vinne na vitatu, 8 vinne vinne, 9 vitano na vinne. Mama mkwe alimwonyesha mjukuu wake hivyo na mimi naona kwa 8 ni bora kuliko iliyochorwa, maana mtoto anaona nne mara mbili ni nane, na nusu ya nane ni nne, humohumo bila kufundishwa. Wachapishaji mngeweka na hiyo jamani, nafasi chini ipo tupu kabisa mmejaza maua.

Nyota nne. Zipo za Kiingereza tupu pia, ya Kiswahili uliza, huwa wanaziweka chini ya rundo.