Faili moja, mikono mingi: uzoefu wangu na zoezi la kila wiki la kuhariri picha

Mpiga picha anayejitegemea hakosi mahali pa kujifunza kuhariri, kwa kuwa video za mafunzo zimejaa mtandaoni, na kila moja humwonyesha mwalimu akiing'arisha picha aliyoichagua mwenyewe kwa sababu anajua itang'ara. Kinachokosekana ni mahali pa kuona mtu mwingine ameifanyia nini picha ileile inayokusumbua wewe, hatua kwa hatua, na kumwuliza kwa nini ameamua hivyo. Hicho ndicho nilichokipata katika jumuiya ya mtandaoni ya wapiga picha wanaozungumza Kiswahili, wengi wao wakiwa Tanzania na Kenya na wachache wakiishi Oman na Ulaya, ambayo kila wiki huwapa wanachama wake picha moja ya kuhariri kwa pamoja. Nimeshiriki kwa muda wa kutosha kuweza kusema kilicho kizuri ndani yake na kinachohitaji kurekebishwa.

Utaratibu ni mwepesi kueleweka. Kila Jumatatu mwanachama mmoja hutoa faili ghafi la picha aliyoipiga mwenyewe, yaani data kama ilivyotoka kwenye kihisi kabla kamera haijaamua lolote kuhusu rangi na mwangaza, na wenzake hulihariri kila mmoja kwa jicho lake. Kufikia Jumapili mshiriki anatakiwa awe ameweka vitu viwili: picha iliyokamilika, na faili dogo lenye kumbukumbu ya kila badiliko alilolifanya. Hakuna kura, hakuna mshindi, wala hakuna zawadi, na kwa maoni yangu uamuzi huo wa waratibu ndio uliolinda heshima ya mahali hapo, kwa sababu mtu asiyeshindania chochote hana sababu ya kuficha mbinu zake.

Hilo faili dogo ndilo linalolitofautisha zoezi hili na mengine niliyowahi kuyaona. Wengi wetu tunatumia darktable, programu huria isiyolipiwa iliyoanza kutolewa mwaka 2009, ambayo hufanya kazi kwenye Linux, macOS na Windows. Programu hiyo hailigusi kabisa faili la asili. Kila unachokifanya hukiandika pembeni katika faili la XMP, kuanzia kiasi cha mwangaza ulichoongeza hadi umbo ulilolichora kuzunguka jicho. Ukilichukua XMP la mwenzako na kulipakia juu ya faili ghafi ulilonalo, picha yake inajitokeza mbele yako ikiwa na historia yake yote, nawe unaweza kuzima hatua moja baada ya nyingine uone kila moja ilikuwa inafanya kazi gani. Wanaotumia RawTherapee, ambayo nayo ni huria, huweka faili la pp3 lenye kazi hiyohiyo, ingawa faili hilo halifunguki katika darktable, kwa hiyo mazungumzo kati ya makundi hayo mawili hubaki kuwa ya maneno na picha tu.

Kuna faida ya pili ambayo mtu anayenunua bando kwa wiki ataielewa haraka. Faili ghafi la kamera ya megapikseli 24 huchukua takribani megabaiti 25 hadi 50, kutegemea jinsi kamera inavyolibana, lakini XMP huwa na kilobaiti chache tu. Ukishalipakua faili ghafi mara moja, unaweza kuzipitia kazi za washiriki wote kwa gharama isiyofikia ile ya kutazama video moja fupi.

Zoezi lililonifundisha zaidi lilitokana na picha iliyopigwa Nungwi, kaskazini ya Unguja, ambako mafundi bado wanaunda majahazi ya mbao ufukweni. Fundi ameinama chini ya banda la makuti akichonga ubao kwa tezo. Nyuma yake mchanga mweupe na bahari vimepigwa na jua la adhuhuri. Mpiga picha alipimia mwanga wa bahari ili isiungue, yaani isigeuke weupe mtupu, kwa hiyo uso wa fundi na mikono yake vilibaki gizani. Picha kama hiyo ikiwa JPEG, yaani faili ambalo kamera imeshaliamulia rangi na mwangaza, haina wokovu mkubwa, kwa sababu JPEG hubeba ngazi 256 za mwangaza kwa kila rangi, na ngazi zilizogawiwa sehemu za giza huwa chache. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384, na mengi yanayoonekana kuwa giza tupu kwa macho yamo humo yakisubiri kuinuliwa.

Mshiriki mmoja aliipandisha picha nzima, uso ukaonekana na bahari ikapotea katika weupe. Mwingine aliuacha uso gizani kwa makusudi, akakata picha karibu na ubao na kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, mpaka jicho likabaki na vitu viwili tu vya kutazama, makali ya tezo na vumbi la mbao hewani. Kazi yake ilikuwa nzuri mno, na nisingeifikiria peke yangu. Wa tatu alitumia moduli ya darktable, yaani kifaa cha kazi moja ndani ya programu, inayoigawa picha katika kanda za mwangaza, yenye vituo 9 kuanzia EV -8 hadi 0 (EV ni kipimo cha mwangaza, ambacho kila hatua moja huuzidisha mara mbili), akainua kanda za giza peke yake bila kuigusa bahari. Wengi wetu tulikuwa tumejaribu moduli hiyohiyo, lakini nyuso tulizozipata zilikuwa bapa, hazina shavu wala paji. Nilipolifungua XMP lake nikauona ufumbuzi: kabla ya kuinua chochote alikuwa ameingia katika ukurasa wa masking wa moduli na kuilainisha ramani ya kanda, ili uso mzima uhesabiwe kama eneo moja na uinuke kwa pamoja, huku tofauti ndogo za mwanga ndani yake zikibaki kama zilivyokuwa. Hakuna video iliyowahi kunieleza jambo hilo kwa uwazi wa namna ile, na tangu wakati huo nalitumia katika kila picha ya mtu aliyesimama kivulini huku nyuma yake kukiwa na jua.

Maoni chini ya kazi yalinifurahisha kwa adabu yake na kwa kutokukwepa ukweli. Kijana mmoja alipoweka picha ambayo uso wa fundi ulikuwa umeinuliwa kupita kiasi, mzee wetu wa Mombasa, aliyeanza kazi hii enzi za filamu, alimwandikia: "Mwanangu, uso huu umeupandisha hata umeingia majivu. Urudishe chini, kisha uutafute mng'ao wa paji." Kijana akajibu: "Shukrani, mzee wangu. Nianzie wapi?" Akaambiwa aanzie kwenye mizani ya weupe, kwa kuwa makuti yanarudisha umanjano usoni wakati bahari inarudisha buluu begani, na rekebisho moja haliwezi kuzitosheleza taa mbili. Usiku uleule kijana aliweka kazi mpya ambayo moduli ya rangi ilikuwa imetumika mara mbili, mara moja kwa mandhari na mara moja kwa uso peke yake uliozungushiwa umbo la kuchora, na ngozi ya fundi ikarudi kuwa nyeusi iliyokolea, yenye joto na uhai.

Nalisisitiza jambo hili la ngozi kwa sababu kwetu ndilo kiini cha kazi. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na kadi yenye wanawake wa rangi tofauti haikuja hadi miaka ya 1990. Mwaka 2021 Google ilipoitoa simu ya Pixel 6 ilitangaza teknolojia ya Real Tone, iliyolenga kuzionyesha ngozi nyeusi kwa usahihi zaidi, jambo linaloonyesha kwamba hata katika zama za simu suala hilo lilikuwa bado halijamalizika. Mhariri anayebonyeza kitufe cha kurekebisha picha chenyewe huyapokea maamuzi ya watu wengine kuhusu uso wa mteja wake, na mara nyingi maamuzi hayo ni kuupandisha tu. Katika jumuiya hii jambo hilo hujadiliwa wazi, kwa mifano, na watu ambao bibi zao na wateja wao ndio walio pichani.

Upungufu upo, na ulio mkubwa zaidi ni uchaguzi wa picha. Wiki nyingi hutolewa machweo, mashua, minara na wanyama wa mbugani, ilhali mkate wa wengi wetu unatoka katika kumbi za harusi na sendofu, ambako taa za LED za buluu na zambarau huijaza chaneli moja ya rangi mpaka uso wa bibi harusi unapoteza umbo lake. Huko ndiko tunakohitaji mikono mingi kuliko mahali pengine popote. Naelewa kwamba picha za harusi zina wenyewe, na kwamba hatuwezi kuzigawa bila ruhusa, hasa baada ya Kenya kutunga sheria ya kulinda data mwaka 2019 na Tanzania kuifuata na yake mwaka 2022, lakini mpiga picha anaweza kumwomba mwanafamilia asimame ukumbini kabla wageni hawajaingia, taa zikiwa zimewashwa, akapata faili linalofaa kabisa kwa zoezi.

Upungufu wa pili ni wa matoleo ya programu. Kwa kawaida darktable hutoa matoleo makubwa mawili kwa mwaka, Juni na Desemba, na XMP lililoandikwa na toleo jipya halitegemewi kufunguka sawasawa katika toleo la zamani. Ingefaa kila mshiriki aandike toleo analolitumia kando ya kazi yake. Kwa sasa wanaofanya hivyo ni wachache, na mgeni anaweza kudhani kompyuta yake ndiyo mbovu. Vilevile ningependa kila anayetoa picha ataje ukubwa wa faili kabla ya kiungo cha kupakulia, kwa ajili ya wale wanaohesabu megabaiti.

Kuhusu haki, waratibu wamekuwa makini. Kila faili hutolewa chini ya leseni ya Creative Commons inayowataka wengine wamtaje mwenye picha, wasiiuze, na wakiisambaza kazi yao waitoe kwa masharti yaleyale. Ningeongeza onyo moja kwa wapya: faili ghafi hubeba taarifa za kamera, mara nyingi pamoja na namba yake ya utambulisho, na kama kifaa kilikuwa kimewasha GPS litabeba pia mahali picha ilipopigwa. Picha ya mtoto iliyopigwa nyumbani isitolewe kabla taarifa hizo hazijafutwa.

Ningeipendekeza jumuiya hii kwa mtu yeyote mwenye kompyuta mpakato ya kawaida na subira ya kujifunza programu ambayo haimbembelezi mgeni, hasa yule ambaye tayari anapata kazi lakini hana mwenzake wa kumwuliza. Anayetafuta mtindo wa kubandika juu ya picha mia moja kwa dakika moja hatautumia vizuri muda wake hapo. Kujiunga hakulipiwi chochote, na si lazima uanze kwa kuweka kazi. Wengi huanza kwa kulipakua faili la wiki na XMP za washiriki watatu au wanne, wakazifungua moja moja, na wiki inayofuata wakaweka za kwao. Ukiweka picha yako, itoe katika nafasi ya rangi (yaani wigo wa rangi ambazo faili linaweza kuzibeba) ya sRGB, kwa kuwa wengi wataiangalia kwenye simu, na picha iliyotolewa kwa Adobe RGB inaweza kuonekana imepauka katika simu zisizozingatia nafasi ya rangi. Nimeshawaandikia waratibu kuwaomba wiki moja ya kila mwezi itengwe kwa picha za ndani ya ukumbi, na faili la kwanza la kuanzia nimeahidi kulitoa mimi.