Gereji ya Landrova za zamani kule Iyunga: kazi safi, ila usiwe na haraka

Watu wananiuliza sana ile Landrova 109 ya mzee niliipeleka wapi kufufuliwa, basi naandika hapa mara moja nisiwe narudia rudia. Ni gereji ya uani kule Iyunga, Mbeya, haina kibao, we ulizia tu mafundi wa Landrova, bodaboda wanawajua.

Gari ni Series III, enzi zake ilikuwa inashusha viazi kutoka Isongole, baadaye ikaja kulala nje na mvua za Tukuyu miaka kibao. Wengi wanajua Landrova haiozi kwa sababu bodi ni alumini, sawa, ila chasisi ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na miguu ya dereva nao ni chuma, ndo vinavyoisha, halafu pale chuma na alumini vinapogusana kukiwa na unyevu hata alumini inaanza kutoa unga mweupe mpaka inatoboka. Ya kwetu ukikaa kwa dereva ulikuwa unaona majani chini.

Mafundi wengine mjini waliniambia niuze skrepa tu. Huyu wa Iyunga akalala chini na nyundo ndogo, anagonga chasisi huku anasikiliza, panapolia vizuri anapita, panapotoa mlio mzito anapiga chaki. Alipotoka huko chini chaki ilikuwa nyingi kuliko chuma jamani. Akasema inafufuka, ila tutafute nyingine zilizokufa tuzichinje.

Kipande cha mbele cha chasisi chenye namba kilikuwa kizima wakakiacha, nyuma wameunga ya gari iliyokuwa imelala Chimala. Mlango wa kushoto sasa, huo umetoka Makambako, ulikuwa mlango wa banda la kuku! Nilipouona nikamuuliza, fundi, hii bado ni gari ya mzee kweli? Akacheka, akatoa simu, mwanangu hebu ona hii.

Ni Halifax, ndege ya mabomu ya Uingereza ya vita ya pili, iko makumbusho ya Elvington karibu na York. Zilitengenezwa zaidi ya 6,000 na baada ya vita zilizobaki zikakatwa skrepa, kule Uingereza haikubaki nzima hata moja. Watu wakajitolea kuunda moja upya. Kipande cha bodi walikipata kisiwa cha Lewis huko Scotland, kilikuwa banda la kuku (ndo maana fundi alikuwa anacheka), mabawa wakachukua kwenye Hastings ambayo ni ndege ya kampuni hiyohiyo ya Handley Page, injini zikatoka Ufaransa, na visivyopatikana wakavitengeneza wenyewe. Ilikamilika 1996 wakaipa jina la Friday the 13th, Halifax iliyoenda kupiga mabomu mara 128 ikarudi zote halafu amani ilipokuja ikakatwa kama wenzake. Sasa hiyo nayo si Halifax? akaniuliza.

Ni Halifax, sibishi. Ila ile inakaa hanga watu wanaipiga picha, hairuki, yangu inatakiwa ipande milima ya Uporoto na magunia nyuma, kwa hiyo mimi naihukumu kwa mzigo. Na imepanda, tena bila kuchemsha.

Kilichonifurahisha zaidi ni Jumamosi. Wanakuja wazee wastaafu wa karakana ya reli ya TAZARA, hawalipwi, wanakunywa chai na kubishana tu, lakini ndo waliopiga riveti za bodi yote. Alumini huwezi kuichomelea kwa mashine ya kawaida ya vijiti, inayeyuka tu, kwa hiyo mmoja anagonga kwa nje na mwingine amejikunja ndani ameshikilia kipande cha chuma nyuma ya riveti, na yule wa ndani ndo mwenye kazi, akitingishika kidogo riveti inakaa upande na wanaing'oa waanze upya. Hawaachi iliyokaa upande hata moja, hata pale ambapo hakuna atakayeona.

Ubaya sasa. Muda. Ukiambiwa wiki ijayo we hesabu msimu ujao, na ukipiga simu utajibiwa "tuko kwenye hiyohiyo". Risiti hamna, andika mwenyewe kila hela unayotoa na wasaini. Waya za umeme ni udhaifu wao kabisa, vaipa yangu inafanya kazi nikiwasha taa, sijui kwa nini na wao hawajui, nimeipeleka kwa fundi umeme mwingine. Bei si rahisi lakini wanakuonyesha kila spea kabla hawajafunga, na za zamani wanakurudishia kwenye kiroba.

Nenda asubuhi kabla fundi mkuu hajaingia chini ya gari ya mtu. Na kama una Noah au IST usijisumbue, hata hawataiangalia, watakuelekeza kwa mafundi wa Mwanjelwa.