Autococker yangu ya pampu na goroli 10: seti nimeipenda, bolti nimeitafuta mwenyewe

Kilichonifikisha kwenye marka ya pampu, yaani bunduki ya peintiboli unayoivuta kwa mkono kabla ya kila mpigo, ni pochi. Jumamosi moja hapa Columbus, Ohio, nilimaliza katoni nzima ya goroli za rangi, 2000, kati ya asubuhi na saa tisa mchana. Niliowapiga ni watu wanne. Wanne! Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu ya kila kichwa kimenigharimu shilingi ngapi, nikaona hapana, hii siyo peintiboli, hii ni kupaka miti rangi.

Basi nikaitoa kabatini Autococker yangu kuukuu. Wasioijua: marka hiyo ilitoka kwa Bud Orr, na kabla yake alikuwa na ya pampu iliyoitwa Sniper. Ukiifungua utacheka, maana ni ile ile pampu iliyopewa mikono ya hewa. Mbele kuna kisilinda kidogo, swichi ya hewa na regyuleta ndogo, na kazi ya vyote vitatu ni kuvuta nyuma na kurudisha mbele badala ya mkono wako. Kuigeuza iwe ya pampu ni kuivua mikono ya kuazima tu.

Seti ya kuigeuza niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, dola 85. Ndani: mpini wa alumini, fimbo ya kuongozea, mkono mrefu wa kuunganisha na bloku ya nyuma, na springi mbili. Uchongaji ni safi, na mimi chuma kibovu nakijua, nimekaa miaka sita kwenye gereji ya pikipiki Tanga. Mpini unateleza bila kukwaruza na haulegei pembeni. Alenki mbili na nusu saa, imekaa.

Nikaunganisha gesi. Pshhhh! Kama tairi la fuso. Gesi yote inatokea mbele.

Kumbe ile bolti inayoshika bloku ya mbele ina tundu katikati, ndiyo njia ya hewa kwenda kwenye regyuleta ndogo. Ukishaing'oa regyuleta, tundu linabaki wazi. Inatakiwa bolti isiyo na tundu, na kwenye boksi haikuwemo. Jirani akanishauri nizibe kwa gundi. Gesi ya CO2 kwenye nyuzi 20 ina mgandamizo wa karibu baa 57, halafu uzibe kwa gundi mbele ya uso wako? Nikasubiri wiki nzima bolti ya dola chache.

Springi ndiyo iliyonifurahisha. Ile ya zamani ilikuwa ngumu, na hewa haikuwa inalalamika. Mkono wangu ulilalamika baada ya mivuto ishirini. Nikaweka laini ya kwenye seti, nikarekebisha mwendo wa goroli kwenye kronografu, kile kipima mwendo, hadi futi 275 kwa sekunde, maana uwanja ninaochezea mwisho ni 280. Jambo la kuangalia hapa ni nyundo, kile chuma cha ndani kinachogonga vali ya gesi: lazima inaswe kabla mpini haujafika mwisho wa safari yake. Ukiiacha inaswe mwishoni kabisa, siku ukiwa na haraka utavuta nusu, haitakaa, na adui anakutazama. Na ukivuta mara mbili bila kufyatua, goroli mbili zinaingia mtutuni. Nimeshafanya. Zilitoka supu.

Upande wa goroli nimetupa hopa, lile bakuli la juu la kujazia goroli. Nimefunga kiwiko kinacholaza mrija wa goroli 10 sambamba na mtutu. Goroli hazidondoki zenyewe, kila mvuto unainua mdomo wa marka kidogo ili inayofuata ibingirike nyuma. Wiki ya kwanza nilisahau nikafyatua hewa tupu mara sijui ngapi. Chini, badala ya chupa kubwa, nimeweka kishikio cha vichupa vya gramu 12. Kwangu kichupa kinatoa mipigo kama 20 mizuri, baada ya hapo inaanza kukohoa. Baridi ikiingia ni shida zaidi, kwa sababu kwenye nyuzi sifuri mgandamizo unashuka hadi karibu baa 35. Kwa hiyo vichupa vyangu vinalala kwenye mfuko wa ndani wa koti, kama mayai.

Uwanjani vijana wananiita Babu. Marka zao za umeme zinarusha goroli kumi na ushee kwa sekunde, yaani mrija wangu wote kwa pumzi moja. Mwanzo nilikuwa nakimbizwa kama kuku. Sasa natambaa, nakaa kimya nyuma ya gogo, nawasikiliza wanavyomwaga. Akinyamaza mmoja ujue anajaza hopa, ndipo nasogea. Mchezo wa kwanza kabisa, mwaka 1981 kule Henniker, New Hampshire, walikuwa watu 12 na marka za Nel-Spot zilizotengenezwa kwa ajili ya kutia alama miti na ng'ombe, na aliyeshinda hakufyatua hata goroli moja. Mimi sijafika huko. Jumamosi iliyopita nilitumia 90, nikapata saba, na mmoja alikuwa mpwa wangu, ambaye hadi leo anasema, "Mjomba, ile iliruka." Haikuruka.

Kama una Autococker imelala, chukua seti hii. Kama ndiyo unataka kununua marka ya kwanza, tafuta iliyozaliwa na pampu, utaokoa wiki mbili za kushika alenki.

Muuzaji nilimwandikia kuhusu ile bolti. Akanijibu kwa upole kwamba nitazame picha ya tangazo vizuri, bolti haimo. Nimetazama. Kweli haimo.