Ampu ya gitaa kwa ganuni? Msikubali kuuziwa

Kama ganuni yako, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, umeitia pikapu (kinasa sauti) na unatafuta ampu (kikuza sauti), usinunue kwa mtu asiyetaka kukisikia chombo chenyewe.

Mimi nilivuka kutoka Unguja na ganuni yangu mpaka Kariakoo, kwenye duka kubwa tu la vyombo vya muziki. Nilichotaka ni kuchomeka, nisikilize, ndipo nilipe. Kijana wa kaunta hakuniacha hata nifungue zipu ya mkoba. "Mzee, waya ni waya. Chukua hii ya gitaa, bendi zote wanatumia." Nikamwambia, mwanangu, hiki kina nyuzi 78, zimekaa tatu tatu, si gitaa hiki. Akamwita mwenzake aje kuona "meza yenye nyuzi". Wakacheka mbele yangu! Harusi ilikuwa imekaribia na boti hainingoji, nikalipa.

Nyumbani nikavaa vidoleni risha za kupigia, nikagusa nyuzi za juu. Ganuni imekufa. Spika ya gitaa ikishapita kilohezi 5 hivi, kule kwenye sauti nyembamba, sauti inaporomoka, na ule mng'aro wa risha ikigonga uzi uko huko huko juu. Ilikuwa kama mtu anaimba kajifunika blanketi. Nyuzi za chini ndiyo balaa zaidi: kibao kinachoinua nyuzi kimekalia ngozi iliyowambwa kwenye ganuni, na ngozi inadaka kila kinachotoka kwenye spika na kukirudisha kwenye pikapu. Ukiongeza sauti kidogo tu, chumba kizima kinavuma.

Nilitaka kuandika kwamba ampu hiyo ni takataka. Haki ya Mungu, si takataka. Mpwa wangu anaipigia gitaa la solo na inalia vizuri mno. Kwa ganuni haifai. Haifai kabisa.

Aliyeniokoa ni fundi mitambo mmoja wa hapa Mjini. Yeye alikaa chini, akaniambia, "Piga kwanza, mzee wangu, nisikie." Akanieleza kuwa pikapu ya piezo, ile inayonasa mtetemo, inataka tundu lenye ukinzani mkubwa wa umeme, kama megaomu 1, ukiichomeka moja kwa moja kwenye laini ya mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti), yenye kiloomu 10 hivi tu, besi yote inaliwa. Kwa hiyo priampu, kikuzaji kidogo cha mwanzo, ianze, kisha spika ya kawaida ya ukumbini, ile ile ya waimbaji, iwekwe mbele yangu isiielekee ngozi. Akapunguza besi ya chini kabisa. Kila uzi ukasikika, hata mtetemo wa kidole cha kushoto.

Priampu yenyewe, kusema kweli, ilitoka duka lile lile, niliagiza kwa mtu, na bei yao hakuna aliyeipata kwingine. Nilikuwa nawapa nyota tatu. Lakini chombo ambacho Sultani Barghash, kama tulivyosimuliwa, alimtuma mtu hadi Misri akajifunze, wao wanakiita meza! Moja, mpaka siku watakapomruhusu mteja achomeke chombo chake kabla ya kutoa pesa.