Kitambaa cha Kumfungia Mtoto Mchanga: Uzoefu Wangu Katika Joto la Kisumu

Mwanangu alizaliwa mwezi wa Februari, wakati ambapo joto la Kisumu halimruhusu hata mtu mzima kujifunika shuka, kwa hiyo sikuona vipi mtoto angeweza kulala usiku kucha akiwa amefungwa kitambaa. Hata hivyo, hali ilinilazimu. Kila nilipomlaza chali, haikupita muda kabla hajairusha mikono juu, akatanua vidole, akakunja uso na kuanza kulia, ilhali alikuwa ameshiba na nepi yake ilikuwa kavu. Mshtuko huo ni wa kawaida kwa watoto wachanga. Umepewa jina la daktari Ernst Moro, aliyeueleza mwaka 1918, na hutoweka wenyewe katika miezi ya mwanzo ya maisha. Kazi ya kitambaa ni kuituliza mikono ili mshtuko huo usimwamshe mtoto. Anayekinunua akitarajia kitamnyamazisha mtoto mwenye njaa au gesi tumboni atakuwa amepoteza fedha zake.

Nimetumia aina mbili. Ya kwanza nililetewa kama zawadi: mfuko uliokwisha kushonwa, wenye mabawa mawili yanayobandikwa kifuani kwa velkro. Baba wa mtoto aliupenda kwa kuwa hauhitaji ufundi wowote, nami sibishi. Lakini ndani yake mna tabaka zito la poliesta, na nilipopitisha mkono nyuma ya shingo ya mtoto nilikuta nywele zimelowa jasho. Joto la kupita kiasi ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari ya kifo cha ghafla cha mtoto mchanga usingizini, kwa hiyo jambo hilo si la kupuuzwa. Kisha kuna mlio. Kuibandua velkro saa nane za usiku ili kubadilisha nepi ni kama kupasua turubai chumbani, na mtoto uliyehangaika kumlaza anafumbua macho papo hapo.

Aina ya pili ni kitambaa cha mraba cha pamba nyepesi, ile iitwayo muslini, chenye sentimita 120 kila upande. Nilinunua pakiti ya viwili mjini kwa shilingi 1,400. Ukikiinua dhidi ya dirisha unaviona vidole vyako upande wa pili, na hicho ndicho kipimo ambacho ningemshauri mnunuzi yeyote wa kanda ya ziwa akitumie kabla ya kulipa. Kinazidi kulainika kila kinapofuliwa, na kikianikwa asubuhi kinakuwa kimekauka kabla ya chakula cha mchana. Nikimfunga nacho, mtoto huvaa nepi na fulana nyembamba tu, tena ndani ya chandarua, maana huku kwetu malaria haisubiri joto lipungue. Tulipokwenda Nakuru kwa dada yangu mwezi wa Aprili, ambako usiku una baridi, nilimvalisha nguo ya mikono mirefu ndani ya kitambaa kilekile badala ya kumwongezea blanketi.

Namna ya kufunga ndiyo iliyozua mjadala nyumbani. Mama mkwe wangu, ambaye aliwalea wanawe wote kwa leso, alitaka miguu inyooshwe na kukazwa ili mtoto asiwe na matege. “Mwanangu, funga mpaka chini,” aliniambia. Muuguzi wa kliniki alikuwa amenieleza kinyume chake: magoti yaachwe huru kukunjika na kutanuka, kwa kuwa kuinyoosha miguu kwa nguvu kunaweza kuharibu viungo vya nyonga. Nilipomjibu, “Mama, muuguzi amekataa,” alinyamaza kidogo, kisha akasema kuwa basi mikono angalau ifungwe vizuri. Hapo tulikubaliana. Hukunja pembe ya juu, mabega yakakaa kwenye ukingo huo, upande mmoja ukapita juu ya mkono na kuingizwa chini ya mgongo, sehemu ya chini ikapandishwa bila kukazwa, na upande wa mwisho ukazungushwa. Vidole viwili vipite kati ya kitambaa na kifua.

Matokeo yalikuwa mazuri, ingawa si kila usiku: usingizi ambao haukuwa ukidumu hata kwa muda wa saa moja ulidumu kwa muda wa takriban saa tatu. Kasoro ya muslini ni kwamba mtoto mwenye nguvu huchomoa mkono kuelekea alfajiri, na kitambaa kilicholegea karibu na uso ni hatari, hivyo mzazi hana budi kuamka na kuangalia.

Tena muda wake ni mfupi. Mtoto akianza tu kujaribu kujigeuza, kumfunga kunakoma, kwa sababu akilala kifudifudi huku mikono imebanwa hawezi kujiokoa. Wangu alianza kupindua nyonga karibu na chanjo ya wiki ya 14, nami nikaacha usiku uleule, nikavumilia siku chache za vilio. Muslini zote mbili zingali kazini, moja ya kufutia maziwa na nyingine ya kutandika kwenye mizani ya kliniki. Mfuko wa velkro nimempa wifi yangu anayeishi Molo kwenye baridi, ambako poliesta ina kazi ya kufanya. Kuhusu ule mlio nilimwonya mapema.