Toyota 86 yenye rimu za upana wa inchi 9: tairi la saizi gani linafaa barabara za Unguja?

Assalamu alaikum, ndugu watazamaji. Leo nimeliegesha gari hapa Maisara, upande wa pwani, kwa sababu kuna kivuli na kwa sababu nataka mlione kwa macho yenu lile ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza tangu siku nilipobadilisha rimu: tairi lililomo humu ni la saizi gani, na imekuwaje nikajaribu matairi ya saizi tatu kabla ya kuridhika. Sitataja kampuni zilizotengeneza matairi hayo. Ninachokichambua leo ni saizi, na saizi ikishakuwa na kasoro hata tairi la bei ya juu kabisa haliwezi kuisitiri.

Toyota 86 hii ilitoka kiwandani ikiwa na rimu za inchi 17 zenye upana wa inchi 7 na ofseti ya milimita 48 (maana ya ofseti nitaieleza mbele), zikiwa zimevalishwa matairi ya 215/45R17. Nilizofunga mimi ni za inchi 17 vilevile, ila upana wake ni inchi 9 na ofseti yake ni 45. Nitaisogeza kamera hapa ubavuni mwa tairi ili tusome pamoja. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili, baada ya mkwaju, ni kimo cha ubavu kikiwa ni asilimia ya huo upana, kwa hiyo 45 hapa si milimita 45 bali ni asilimia 45 ya 215, yaani kiasi cha milimita 97. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukizidisha ubavu mara mbili, wa juu na wa chini, kisha ukajumlisha na rimu, tairi la asili la gari hili linasimama kwa kimo cha milimita 625, na hiyo ndiyo namba ninayowaomba muishike kuliko zote, kwa sababu spidomita, gia na mfumo wa breki wa gari vyote vimepangwa kwa kuamini kwamba tairi lina kimo hicho.

Sasa tuje kwenye upana wa rimu, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Kila saizi ya tairi ina kiwango cha upana wa rimu inachokikubali, na kwa 215/45R17 kiwango hicho ni kuanzia inchi 7 hadi 8. Aliyeniuzia rimu hizi, ambaye sina haja ya kumtaja, alinihakikishia kwamba matairi yangu ya zamani yatakaa bila ya tatizo, akayavalisha, na kweli yalikaa. Yalikaa kwa kuvutwa. Tairi lilivutika kama shuka ya kitanda kidogo juu ya godoro kubwa, ubavu ukalala kwa mshazari badala ya kusimama, na ukingo wa rimu ukabaki nje bila ya kinga yoyote. Wapo wanaoupenda muonekano huo, na mimi mwenyewe niliupenda kwa muda wa siku nne.

Siku ya tano nilikwenda Paje. Njia kuu ya lami haina neno, lakini mnaijua ile michepuko ya kuingilia kwenye nyumba za wageni, ambako udongo umechukuliwa na mvua na mawe ya matumbawe yametokeza yakiwa makali kama msumeno. Jiwe moja liligonga ukingo wa rimu moja kwa moja, bila ya kupitia kwenye mpira. Angalieni hapa: huu ni ukingo wenyewe, na kovu hili lina urefu wa kidole changu cha shahada. Upepo ulitoka taratibu njia nzima, na nilipofika Kitogani tairi lilikuwa limelala.

Ni vyema nieleze kwa nini rimu ndiyo iliyoumia. Tunaposema rimu ina inchi 9, kipimo hicho huchukuliwa kwa ndani, pale mdomo wa tairi unapokaa, wala si kwa nje. Ukipima kutoka ukingo hadi ukingo kwa nje utapata karibu inchi 10, yaani kiasi cha milimita 254. Tairi la 215 nalo hunenepa kidogo likivalishwa rimu pana, takriban milimita 5 kwa kila nusu inchi inayoongezeka, lakini hata baada ya kunenepa lilifika kwenye milimita 233 tu. Kwa hiyo kila upande ukingo wa rimu ulikuwa umeutangulia mpira kwa zaidi ya sentimita moja, na kwenye barabara za shamba anayetangulia ndiye anayepigwa.

Mara ya pili nilivalisha 235/40R17, ambayo inaruhusiwa kwenye rimu za inchi 8 hadi 9 na nusu. Kimo chake ni milimita 620, pungufu ya lile la asili kwa chini ya asilimia moja, kwa hiyo spidomita ikionesha 80 wewe uko 79, jambo ambalo halina athari yoyote. Usukani ulikuwa mwepesi na gari liligeuka kwa utiifu. Malalamiko yangu yalikuwa mawili: kwanza, ubavu wake ni milimita 94, yaani mfupi kuliko wa tairi la asili, nami nilikuwa natafuta kinga zaidi na si pungufu, pili, gari lilishuka kwa karibu milimita 3. Mtu wa Ulaya atacheka akisikia milimita 3. Anayepita kila siku juu ya matuta yetu hatacheka.

Mara ya tatu, ambayo ndiyo hii mnayoiona, ni 245/40R17. Ubavu wake ni milimita 98 na kimo chake ni milimita 628, tofauti na kiwandani kwa chini ya nusu asilimia. Likiwa juu ya rimu ya inchi 9 mwili wake hufika takriban milimita 253, karibu sawasawa na ukingo wa rimu, na hilo ndilo lililonifanya nilipende: ninapoegesha karibu na ukuta kinachogusa kwanza ni mpira. Na kwa vile lina nafasi kubwa zaidi ya hewa ndani yake, mashimo madogo linayameza kwa upole kuliko lile la 235.

Lakini kuingia kwenye rimu ni jambo moja, na kuingia chini ya madigadi ni jambo jingine. Ofseti ni umbali kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapokaa kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Kwa kuwa upana umeongezeka kwa inchi 2 na ofseti imepungua kwa 3 tu, ukingo wa nje wa rimu umetoka milimita 28 kuelekea barabarani, na ukingo wa ndani umesogea milimita 22 kuelekea kwenye shokomzoba. Hesabu hii fanyeni kabla ya kulipa pesa.

Baada ya hesabu, pimeni. Mimi nilimuomba mama watoto donge la unga wa chapati, na alinitazama kwa muda mrefu kabla ya kunipa. Nilibandika kipande baina ya tairi na shokomzoba, kingine chini ya ukingo wa madigadi, na cha tatu kwenye plastiki ya ndani. Kisha niliwapakia marafiki wawili kiti cha nyuma, ambacho kwa hakika hakikutengenezwa kwa ajili ya watu wazima, tukaenda hadi Jozani kwenye yale matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, tukayapita taratibu kwenda na kurudi. Kipande cha shokomzoba kilibaki na unene wa milimita 6, nao unatosha. Cha madigadi hakikuguswa. Cha plastiki kilikatika kabisa, na ndipo nilipojua kwamba nikikata usukani hadi mwisho huku narudi nyuma, tairi linagusa. Sikukata kitu chochote kwenye gari. Nimezoea kutokata usukani hadi mwisho, basi.

Sitawaficha ubaya wa 245. Gari hili lina uzito wa kilo 1,240 hivi, ambao ni mwepesi, na uzito mdogo ukitandazwa juu ya tairi pana hupunguza nguvu ya kuyasukuma maji yaondoke. Mvua za masika zilipoanza mwezi wa Machi niliingia kwenye dimbwi karibu na Mwanakwerekwe kwa mwendo ambao lile tairi la asili lisingeshituka, na usukani ulilegea mikononi kwa muda wa kupepesa jicho. Anayeendesha sana wakati wa mvua akachague 235, na kashata, yaani ile michongo ya juu ya tairi, zikianza kuisha asisubiri tairi liwe kipara. Pia 245 nililiagiza kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo likipasuka leo sitalipata hapa mjini kabla ya magharibi.

Ambaye bado hajanunua rimu namshauri asinifuate mimi. Achukue za inchi 17 zenye upana wa inchi 8 na ofseti ya 45, avalishe 225/45R17, ambayo kimo chake ni milimita 634, ubavu wake unazidi milimita 101, na mwili wake unakaa bila ya kuvutwa wala kubanwa. Rimu inatoka nje milimita 16 tu na kuingia ndani 10. Iwapo mngenipa pesa zangu nianze upya, hicho ndicho ningelifunga.

Mwenye Toyota Altezza aliyeniandikia akitaka rimu kama hizi asizinunue kabisa: zangu zina matundu 5 kwenye duara la milimita 100, na za Altezza ni duara la milimita 114.3.

Kuhusu matairi ya mtumba, tazameni tarakimu 4 za mwisho baada ya maandishi ya DOT. Hapa zinasomeka 2322, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Jua letu huukausha mpira hata kama kashata zingali nzima, na tairi lenye nyufa ndogo ubavuni mimi silifungi.

Na fundi akikufungulia magurudumu, zihifadhi nati zako mwenyewe. Toyota 86 ilitengenezwa pamoja na Subaru, na uzi wa nati zake ni milimita 12 kwa 1.25 (kipenyo, kisha nafasi baina ya uzi na uzi), ilhali Toyota nyingi zinatumia 12 kwa 1.5. Zote zina kichwa kinachofanana, na zile za kwenye kopo la gereji huingia mizunguko miwili kabla ya kukwama. Ukimuona fundi anachukua spana ndefu ili ailazimishe, msimamishe hapo hapo, kwani nati zikiwa ndizo huingia kwa vidole hadi karibu ya mwisho, halafu hukazwa kwa nguvu ya 120 Nm (nyutoni-mita) kwa spana ya kipimo.