Niliambiwa kristali haina arosto: uzoefu wangu katika soba moja ya Mombasa

Juzi mama mmoja wa mtaani kwetu, Kisauni, alikuwa anauliza watu dukani: soba gani nzuri, yaani nyumba ya kuachishia dawa za kulevya, ampeleke mwanawe, amezama kwenye kristali, ile methamfetamini. Mwenye duka akamtajia ileile niliyolazwa mimi. Nilikuwa nimesimama hapo na mkate mkononi. Nikamwita kando nikamwambia, "Mama, usimpeleke huko," kisha maneno yakanikwama, nikashindwa kueleza. Nimerudi nyumbani nimekaa chini naandika, maana nisipoyatoa leo yatanipasua.

Jina la mahali silitaji. Bei, idadi ya vitanda, kama kuna feni au hakuna, hayo mtayaulizia wenyewe langoni. Mimi nina habari ya kopo moja la maji, na ya arosto, yale mateso ya mwili anayoyapata mtu akikatishiwa unga, yaani heroini.

Nilikuwa dereva wa tuktuk wa usiku, na kristali niliianza ili nikeshe. Stimu yake hukaa na mtu saa nyingi, pengine kutwa nzima, basi nikaona nimepata dawa ya kazi. Baada ya miaka miwili na ushei kazi yenyewe ilikuwa haipo tena. Niliingia soba mwaka jana, karibu na Ramadhani, nikiwa na usiku wa nne bila kulala, saa inanitoka mkononi kwa kukonda, nasikia watu wakinisengenya ndani ya ukuta. Dada yangu alilipa kwa pesa za chama, zamu yake aliyoingoja mwaka mzima.

Mtu akiacha kristali, kinachomshukia kwanza ni usingizi. Usingizi wa pono. Siku moja, mbili, hata tatu, mwili unadai usiku wote uliokopwa. Nililala nikiwa bado na viatu. Sijui adhana, sijui chakula, sijui mchana umeingia lini.

Siku ya pili, au ya tatu, sina hakika, nilishtuka nadhani nimetumbukia baharini. Muuguzi alikuwa amesimama juu yangu na kopo la kijani la plastiki, lile la kuogea. La kwanza alikuwa ameshanimwagia usoni, la pili analichota ndooni. Godoro lilikuwa limevikwa nailoni, kwa hiyo maji hayakuwa na pa kwenda. Yalinikusanyikia chini ya mgongo, nikayasikia yanateremka mpaka kiunoni.

Nikamwambia, "Sista, niwie radhi, siwezi kusimama."

Akanijibu kwa sauti ya kusikika korido nzima: "Wenzako wa unga wana arosto, wanatapika, wanahara, na wameshafika darasani. Kristali haina arosto. Wewe ni mvivu tu. Hapa si hoteli."

Wakacheka. Mtu mzima mwenye watoto wawili, nimelowa chapa, nashikilia ukuta kutafuta kandambili zangu, na watu wanacheka.

Kristali haina arosto. Neno hilo nimelibeba mpaka leo. Pwani hii tunaijua arosto ya unga tangu tukiwa watoto. Kila ukoo una mtu wake aliyegaragara sakafuni, kamasi zinamtoka, mifupa inamuuma, anaomba hata apigwe. Hiyo inaonekana, basi watu wanaiamini. Ya kristali haina matapishi ya kumwonyesha mtu. Ni usingizi usiokatika, halafu njaa ya ajabu, halafu kiza. Na kiza hakionekani na muuguzi mwenye kopo.

Walinikalisha kwenye benchi la darasani tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Somo la siku lilikuwa unga. La kesho yake pia unga. Wenzangu wengi walikuwa wanangoja kuandikishwa kunywa methadoni, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwaka 2014, na kwa mtu wa unga ni dawa kweli, imewarudisha watu ninaowajua makazini. Nikauliza na mimi nitapewa nini. Nikaambiwa nisubiri, zamu yangu ya methadoni itafika. Nilisubiri! Wiki mbili nasubiri dawa isiyonihusu. Methadoni inakaa kwenye ubongo pale pale unga ulipokuwa unakaa. Kristali ina mlango wake mwingine kabisa. Hilo nimekuja kuelezwa baadaye na daktari kwa dakika tano, bure, na wale niliowalipa hawakulijua au hawakujali.

Na bado. Mshauri wao, kijana mpole kwa kweli, aliponiona nasinzia benchini alininong'oneza kwamba nikizidiwa nitafune muguka kidogo, atanitafutia. Muguka, majani ya kutafuna kama miraa! Ndani ya soba! Ule ule ambao kaunti yetu iliupiga marufuku Mei 2024, kisha mahakama ikasimamisha marufuku hiyo. Kilichomo ndani ya muguka, kathinoni, ni ndugu wa damu wa amfetamini. Ni sawa na kumpa mtu anayeacha bia chupa ya mnazi.

Wiki ya pili mambo yakageuka. Ule usingizi ukanikimbia, nikawa nakesha nikitazama boriti, nikipitiwa naota navuta, naamka na ladha ya moshi mdomoni. Hapo ndipo walipokuja na tembe. Hakuna daktari aliyeniona. Alikuja mtu na tembe kiganjani, nami nikazitambua, ni za usingizi, mitaani tunaziita bugizi. Yaani nilipotaka kulala walinimwagia maji, na nilipokosa usingizi wakanipa kitu kingine cha kunitia uteja. Nilizinywa siku tatu. Ya nne nikazificha chini ya ulimi nikazitema chooni.

Kiza nacho kilikuwa kimeshaingia. Sijui nikieleze vipi. Chai haina utamu, watoto wangu wakiletwa kunitazama nawaona kama watoto wa mtu mwingine, najua nawapenda ila silisikii pendo lenyewe. Kuna usiku nilifikiria kwamba afadhali nisiwepo kabisa. Nilimwambia mshauri waziwazi, kwa maneno hayo. Akaniambia niswali. Nilikuwa naswali, na sala ilinishika mkono, sitaki mtu asome hapa aone naidharau. Lakini mtu akikwambia ana mawazo ya kufa, unamwombea na unamwita daktari. Yote mawili. Usiku huohuo. Yeye alifunga daftari akaenda kula.

Aliyeniokoa mle ndani ni mpishi. Mama wa makamo, kutoka upande wa Kaloleni. Aliona naiba makoko ya ugali jikoni baada ya chakula cha jioni, maana njaa ya kristali haishibi. Hakunigombeza. Tangu siku ile kila usiku alinifichia bakuli la uji wa mchele wenye nazi, analifunika kwa sahani, na sukari nyingi. Akikaa kando yangu huku anachambua mchicha wa kesho. "Kula mwanangu, kisha ulale. Mwili wako unadai, ulipe." Hakusoma popote, lakini ndiyo matibabu yenyewe ya wiki za mwanzo. Kula, kunywa maji, kulala, na mtu wa kukaa naye. Nimekuja kulithibitisha.

Maana nilipotoka, dada yangu alinipeleka hospitali ya serikali kwa daktari wa akili, na yeye ndiye wa kwanza kuniambia ukweli. Aliniambia hivi: hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa ajili ya kuacha methamfetamini, hata huko Marekani, basi mtu akikuuzia dawa ya kristali anakuibia. Zipo zinazojaribiwa. Matokeo ya jaribio moja kubwa la Marekani yalitolewa Januari 2021, sindano ya naltreksoni kila wiki 3 pamoja na tembe za bupropioni kila siku. Waliofaulu walikuwa asilimia 13.6, na waliopewa dawa bandia asilimia 2.5. Nikamwambia hiyo ni kidogo sana. Akasema ndiyo, ni kidogo, na ndiyo maana hakutaka kunidanganya. Nilitoka pale nalia, na kilikuwa kilio cha kuheshimiwa.

Mimi alinipa mirtazapini, miligramu 15 usiku. Ni dawa ya huzuni, na huko San Francisco waliijaribu kwa watumiaji wa methamfetamini ikawapunguzia uvutaji. Kwangu, usingizi ulirudi ndani ya siku chache. Huzuni ilichukua kama mwezi. Inakausha mdomo na inanenepesha, suruali zangu zote nimempa shemeji. Uchu wa kuvuta haukuondoka, ila umepungua sauti. Msiende kuinunua tu duka la dawa kwa sababu mimi nimesema. Nilipimwa, niliulizwa habari za kiza na za zile sauti za ukutani, nikarudi kila baada ya wiki mbili. Alinionya pia kwamba ubongo hauponi upesi, mashine zake za furaha huchukua mwaka na zaidi kujijenga, kwa hiyo nisione miezi mitatu haina ladha nikadhani ndiyo maisha.

Jambo lililonisaidia kuliko tembe ni kibubu. Daktari alitueleza kwamba ng'ambo njia yenye ushahidi mkubwa zaidi kwa watu wa kristali ni kuwapa zawadi ndogo kila mkojo ukitoka safi, na zawadi inakua kadiri unavyoendelea. Dada akalichukua palepale. Akanunua vipimo vya mkojo duka la dawa, na kibubu cha mbao. Kila Jumanne na Ijumaa nikiwa safi anatia pesa mbele ya macho yangu: alianza na shilingi 50, akapanda 60, akapanda 70. Nikiteleza tunarudi 50. Niliteleza mara moja, baada ya Idi, pale Kongowea, na rafiki wa zamani. Nilipoona kipimo mkononi mwa dada kina kistari kimoja tu, yaani si safi, nilitaka ardhi inimeze. Hakusema kitu. Alichukua noti ya hamsini akaitumbukiza, "Tumeanza upya, kaka." Kibubu hicho kimenunua tairi mbili na betri ya tuktuk.

Sasa nikiwaza vizuri... labda naionea ile soba. Siku 30 nilikuwa nyuma ya lango lenye kufuli, muuzaji wangu hana pa kunipata, simu wameichukua. Bila lango lile nisingefika kwa yule daktari. Huenda nisingefika popote. Dada ananiambia hivyo kila tukibishana, na mara nyingine namkubalia. Hata yule muuguzi huenda alikuwa amechoka, wagonjwa 20 na yeye peke yake.

Hapana. Nimeandika sentensi hiyo na nimeisikia tena ile baridi mgongoni. Kuchoka hakumfundishi mtu kuchota kopo la pili. Lile la kwanza ningemsamehe.

Mama, kama haya yatakufikia: mwache mwanao alale siku zile za mwanzo, mwamshe kwa chakula na maji tu. Usimwache peke yake anapoanza kuamka, maana kiza huja baada ya usingizi, na muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Akisema ndiyo, ni hospitali saa hiyohiyo. Zile sauti zikiendelea baada ya siku kadhaa, hospitali pia. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192. Piga hata kama ni wewe tu unayetaka kulia. Na popote utakapompeleka, swali la kwanza langoni liwe: mtu wa kristali mnamtibu vipi? Wakikujibu methadoni, chukua mwanao mrudi nyumbani.

Wale wa soba bado wananitumia ujumbe kila mwisho wa mwezi, nadaiwa baki ya shilingi 6,500. Dada anasema tulipe tuwe tumemalizana. Nimepiga hesabu ya uji wa siku zote zile, mchele, nazi na sukari. Hiyo nitaipeleka mwenyewe, jikoni, mkononi mwa mpishi. Zilizobaki sitoi.